Kadi Nyekundu ya Mpimaji

Kila Jumanne, katika ofisi moja ya watengeneza tovuti mjini Winnipeg, mpimaji, anayekagua kama kurasa zao zinaeleweka, huvua glavu kidole kimoja kimoja na kuzipanga kando ya kadi zake tatu: kijani ameelewa, njano punguzeni kasi, nyekundu amepotea. Kusema hasemi, hugusa picha kwenye kishikwambi, nacho humsemea. Ukurasa wa kuomba gari la kwenda kliniki, uitwao “Rahisi kwa Wote”, una aya kumi na moja, na kila aya hupata nyekundu, taratibu, kama refa asiye na haraka ya kwenda nyumbani. Kadi hiyo humkera Desrosiers, bosi wa mradi.

“Dada, hebu soma tena,” alimbembeleza wiki hii.

“Gari linakuja saa ngapi?” kishikwambi kikauliza.

“Si jibu lipo, aya ya tisa.”

Nyekundu.

“Haya. Kuanzia leo, kabla hujainua hiyo, utajaza kwanza fomu ya kutoelewa.” Akaifungua, akaanza kumsomea kwa sauti ya kubembelezea watoto. Swali la nne likamrudisha mwanzo mara mbili, hadi bosi mwenyewe akakuna kisogo. Mpimaji akamtia ile nyekundu kiganjani, kisha, taratibu, akauinua mkono wa bosi juu.