Yamna na Maji ya Benhatar

Dada yangu Fatna aliponipigia simu kuniambia kwamba bintiye Yamna amepata nafasi ya kusoma huku Granada, Hispania, nilikuwa na unga mpaka viwikoni. Nilipiga kigelegele, wateja wakageuka. Kisha hofu ikaniingia. Nimeishi mji huu miaka ishirini na miwili nikiuza mikate na chai, na nimeona vijana wetu wengi wa Moroko wakija hapa na masanduku mawili na kurudi kwao wamenyong'onyea. Lakini huyu aliyeshuka kwenye basi mwezi wa tisa hakuwa na dalili ya kunyong'onyea. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, nyusi zimeshikana kama za babake, na sanduku lake lote lilikuwa tende.

"Mama mdogo Zulikha," alisema akinibusu kichwani, "nguo nitanunua. Tende kama hizi utanunua wapi?"

Kwao ni Figuig, na kwangu pia, huko kwenye mitende mpakani na Aljeria. Babake, Hmad, ndiye mgawaji wa maji wa mtaa wetu, kazi aliyoirithi kwa babake. Maji ya chemchemi hujazwa birikani, yaani bwawa dogo la kujengwa, kila shamba lina haki yake, na Hmad huzipima haki hizo kwa uti wa kuti la mtende uliochongwa alama. Yamna alianza kumfuata akiwa na miaka sita. Ami zake walimcheka: "Msichana na fimbo ya maji, wapi na wapi? Mumeo utampimia chai?" Hmad alimpa mtoto fimbo ashike, basi.

Chuo kilimchukua kusomea uhandisi wa maji. Wiki za mwanzo alirudi dukani kila jioni kichwa kinamuuma kwa Kihispania. Halafu siku moja akaingia anacheka peke yake.

"Mama mdogo, hawa wanazungumza maneno yetu bila kujua! Mfereji wanauita asekia, sisi tunasema sakia. Birika ni alberka. Na wakiagana, hasta mañana, hiyo hasta si ni hata yetu?"

Miaka ishirini na miwili nimeagana na wateja kwa neno hilo, "hadi kesho", na sikuwahi kulisikia. Nilimwambia anyamaze anywe supu, lakini usiku ule nililitamka mara kadhaa kitandani.

Tangu hapo hakutulia. Kila likizo alipanda basi la bei nafuu, mkate wangu umefungwa kwenye kitambaa. Alikwenda Elche, kwenye mitende maelfu katikati ya mji, akasimama chini yake akalia kama mtoto, kisha akafuta machozi akawakosoa wenyeji jinsi wanavyopogoa. Alikwenda Valencia siku ya Alhamisi kuwaona wakulima wanane waliovaa majoho meusi wakikaa duara mlangoni pa kanisa kuu kuamua kesi za maji. Hakuna karatasi, hakuna wakili, neno linatosha. Alimpigia babake simu palepale.

"Baba, wanakaa nje kama nyie!"

"Wanapigiana kelele?"

"Hapana, wametulia."

"Basi hawajakosa maji bado," Hmad akasema.

Majira ya kuchipua yalipofika, mwalimu wake aliwapeleka wanafunzi kumi na wawili Benhatar, kijiji kidogo mlimani ambako mfereji wa zamani, uliochimbwa na Waislamu waliotawala huku karne nyingi zilizopita, ulikuwa umeachwa miaka thelathini. Vijana wa kijiji walihamia mijini, mawe yakaporomoka, miiba ikaota. Sasa watu wachache walikuwa wamerudi kulima, wakaomba msaada. Nilikwenda nao Jumamosi ya kwanza na kapu la mikate, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu.

Aliyewapokea alikuwa mzee Eufrasio, miaka themanini na mmoja, mlinzi wa mwisho wa mfereji ule. Alimkagua Yamna tangu kitambaa cha kichwani hadi viatu, akamgeukia mwalimu.

"Tumekosa watu mpaka mnatuletea Mmoro aje kutufundisha maji?"

Mmoro ndilo jina wanalotuita wakitaka kutuchoma. Yamna akaokota jembe.

"Sikuja kufundisha, babu. Nimekuja kuona kama bado mnakumbuka tulichowaachia."

Wanafunzi walishika vinywa. Mzee aliitazama mikono yake, akasema, "Jembe umelishika vizuri," akatangulia njia.

Walifanya kazi Jumamosi na Jumapili sita. Walikata miiba, wakapanga mawe, wakaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi na majani. Mchana Bibi Angustias, mjane anayelima maharagwe mtaa wa chini, alikaanga makombo ya mkate kwa kitunguu saumu kwenye karai kubwa, na daima kando kulikuwa na kikaango kidogo. "Hiki cha Yamna," alisema. "Nguruwe hajakisogelea." Hakuna aliyemwomba.

Mwezi wa tano theluji ilipokuwa ikiyeyuka, walifungua lango juu mlimani na maji yakashuka hadi kijijini. Watu walikimbia kando ya mfereji kama wanaosindikiza harusi. Eufrasio alivua kofia.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa. Kijiji kina mtaa wa juu na mtaa wa chini, na walikuwa wamekubaliana kugawana kwa saa: asubuhi wa chini, alasiri wa juu, wote saa sita sita. Maharagwe ya mtaa wa chini yakaanza kukauka, ya juu yakanawiri. Yamna alipofika Jumamosi iliyofuata alikuta watu wanazozana uwanjani.

"Mnatuibia!" Angustias alipiga kelele.

"Saa sita zenu, saa sita zetu! Nunua saa mpya, mama!" kijana mmoja wa mtaa wa juu akamjibu, wenzake wakacheka.

Yamna alipanda peke yake hadi kwenye mfereji, akakaa huko kutwa nzima. Aliporudi aliwaambia, "Hakuna mwizi. Asubuhi theluji bado ngumu, maji ni haba. Jua likipanda inayeyuka, na alasiri yanakuja mara mbili. Saa ni zilezile, maji si yaleyale. Mna birika kubwa pale juu mmeligeuza jalala. Lisafisheni, tulijaze, tugawane kwa kina badala ya saa. Kwetu tunafanya hivyo."

Walisafisha birika kwa siku nne. Yamna alichonga fimbo ya mzeituni, akaitia alama kumi na mbili zilizopishana sawasawa, sita za mtaa wa juu, sita za chini. Wa juu wachukue kwanza mpaka alama ya sita, kisha wa chini. Watu waliridhika, wakapiga makofi. Mwanangu huyo akanipigia simu sauti imejaa tabasamu.

Wiki mbili baadaye Angustias alimngoja kwenye kituo cha basi, mikono kiunoni.

"Binti, nakupenda, lakini maharagwe yangu bado yana kiu. Njoo uyaone."

Yamna aliyaona. Hakulala vizuri, na asubuhi alimpigia babake. Nilikuwa naye, simu iko mezani kati ya vikombe. Alimweleza yote.

"Kuta za birika lao zimesimama wima," Hmad akauliza, "au zimelala?"

Yamna akasukuma kikombe kando.

"Zimelala, baba. Juu pana, chini jembamba."

Hmad alicheka mpaka akakohoa. "Chuo chote hicho! Mwanangu, bakuli la supu likiwa nusu kwa kina, ni nusu ya supu? Walio juu wanakula bakuli, walio chini wanalamba kitako. Fimbo yangu alama zake hazilingani, umeishika utoto wako wote."

"Nilidhani babu alichonga vibaya," Yamna alisema polepole.

Alivyoona haya! Masikio yalimwiva. Nilimwambia angeweza kubadilisha fimbo kimyakimya, nani angejua? Alinitazama kama nimemtukana.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, alisimama uwanjani mbele yao wote. Nilisimama nyuma yake nimeshika kapu langu.

"Nimekosea," alisema. "Mtaa wa chini wamepunjika wiki mbili kwa sababu yangu. Nilipima urefu, nikasahau upana. Babangu amenicheka, nanyi mna haki ya kunicheka. Nikopesheni tangi na siku mbili, nitalipima birika upya, na kabla fimbo mpya haijaanza, wiki mbili zijazo wa chini wachukue kwanza kwa fimbo hii ya zamani."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa mtaa wa juu alifungua mdomo, na Eufrasio akampiga kofia begani.

"Wewe nyamaza. Mimi nimelinda mfereji huu miaka ishirini na moja, na nimekosea mara mia, na sikuwahi kusimama hapo aliposimama yeye." Akamgeukia Yamna. "Tangi lipo kwangu. La lita elfu. Twende, binti."

Lile neno binti ndilo lililonitoa machozi.

Waliyatoa maji yote ya birika tangi kwa tangi, matangi sabini na mawili, mzee akihesabu kwa sauti na Yamna akikata alama kila baada ya sita. Alama za juu zilikaribiana, za chini zikaachana. Yule kijana wa mtaa wa juu ndiye aliyekuja na trekta kusomba tangi, bila kuitwa. Jioni ya siku ya pili kila mtaa ulikuwa na matangi thelathini na sita, na kila mtu aliyaona yakihesabiwa. Mwezi wa saba Angustias aliniletea gunia la maharagwe dukani, akaliangusha sakafuni bila salamu. "Haya," alisema, "sasa pika."

Mwaka uliofuata Benhatar ilipiga kura kumchagua mlinzi mpya wa mfereji, maana magoti ya Eufrasio yalikuwa yamekataa mlima. Kura thelathini na nane zilipigwa, thelathini na saba zikamwangukia Yamna. Moja alijipigia mzee mwenyewe. "Si kwa ubaya," alieleza. "Mtu hajiachii hivihivi."

Aliishika kazi hiyo misimu miwili huku akimaliza shahada yake. Siku ya mahafali nilifunga duka, jambo nisilolifanya hata nikiugua. Hmad na Fatna walipata viza, wakaja. Kutoka mlimani waliteremka watu kumi na tisa wa mitaa yote miwili, wakajaza safu mbili za ukumbi wakinukia sabuni na manukato ya Kihispania, na jina la Yamna Zerruki liliposomwa walipiga kelele mpaka mkuu wa chuo akasubiri. Hmad hakupiga makofi. Alikaa wima, mikono magotini, na Eufrasio kando yake amekaa hivyohivyo. Wazee hao hawakuwa na lugha moja, lakini wakati wa chakula cha mchana dukani kwangu nilikuta wamemwaga maji mezani, wanachorana mifereji kwa vidole, wanabishana.

Sasa Yamna yuko kwetu Figuig, mhandisi wa maji wa mkoa mzima, na ami zake humpisha njiani wakimwita "mama mhandisi". Kila majira ya kuchipua hupokea wanafunzi kutoka Granada, wanalala nyumbani kwa dada yangu. Mwaka huu alikuwemo mjukuu wa Angustias. Fatna anasema anakula sana, hajui kushika jembe, na anauliza maswali mazuri.