Mcheza Kwao Hutunzwa

Kwenye mlango wa ukumbi mmoja wa Mikocheni wamebandika tangazo: watazamaji mnaombwa kukaa kimya muda wote wa onyesho. Nalijua tangazo hilo vizuri, maana kuna siku nilitolewa ndani nikawekewa kiti karibu nalo. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha kimya. Kimya kinafaa kwenye mtihani. Kinafaa mtu anaposali. Lakini mtu aimbe mbele yangu mpaka mishipa ya shingo imtoke, halafu mimi nimkodolee macho kama ninayesubiri kuitwa dirishani benki, hilo sikulikubali siku ile na leo silikubali.

Wanaoniona nikishuka kwenye bajaji na khanga begani hudhani nimepotea, natafuta kanisa. Sijapotea. Nilianza kutazama maonyesho ya jukwaani kabla aliyebandika tangazo lile hajazaliwa. Nilipohamia mjini kutoka Njombe nilipanga chumba Temeke, jirani na duka la familia moja ya Kiarabu iliyokuwa pale tangu enzi za babu yao. Mke wa mwenye duka alikuwa rika langu. Jumapili moja mchana nimetoka kanisani, sijavua hata viatu, akaniita kwenye kibaraza: "Mwalimu, usikae. Leo nakupeleka ukacheke." Tangu hapo ni shoga yangu.

Alinipeleka kwenye ua wa saruji nyuma ya baa moja ya hapo hapo Temeke, wenye viti vya chuma. Kikundi kilianza na ngoma, kikaleta sarakasi, kikaleta igizo lenye nyimbo ndani yake, na mwisho taarabu. Shoga yangu alikaa upande wa soda na buibui lake, na hakuna aliyemuuliza. Kwenye igizo palikuwa na mume mlevi aliyeuza kitanda cha mkewe. Wanawake walimshushua yule mwanamume mpaka akasahau maneno yake. Mmoja akanyanyuka, akapeleka kiti jukwaani ili yule mke apate pa kukaa. Mwigizaji akakaa, akashukuru kwa kuimba, igizo likaendelea kana kwamba kiti kile kilikuwemo tangu mwanzo.

Taarabu ilipofika mahali pake, shoga yangu alinyanyuka akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, akamfuta jasho, akamwekea noti mkononi, akarudi. Huko ndiko kutunza. Bendi ilirudia kipande kile kile mpaka wote waliotaka kutunza wakamaliza. Wala sikushangaa. Kwetu kanisani kwaya ikiimba ikaimbika, lazima mama mmoja atoke kwenye benchi na kitambaa. Niliona nimebadili jengo tu.

Binti yangu alikulia katika yote mawili. Alikuwa mdogo bado walipompa kuongoza wimbo kwenye kwaya ya watoto. Akifika ubeti wa pili ananitafuta kwa macho, nami natoka na pindo la khanga, namfuta paji la uso, sauti inapanda. Siku nisipotoka, hata kama nilikuwa nanyonyesha mdogo wake, alirudi nyumbani akiuliza, "Mama, nilikosea wapi?"

Siku hizi naishi Chanika, mbali na kila ukumbi, na bado naenda. Shoga yangu anatoka Temeke, tunakutana mlangoni. Nimeona maonyesho ya kila namna na nina maoni yangu. Nimeona moja ambalo waigizaji walivaa makoti ya manyoya wakaimba kuhusu theluji, mapangaboi yanazunguka juu yao na jasho linawatiririka. Niliwahurumia wao kuliko nilivyomhurumia binti mfalme wa hadithi yao. Nimeona jingine la kijijini, ambalo wanakijiji walizungumza kama wasoma taarifa ya habari na majembe yao hayajawahi kugusa udongo. Hilo sikulimaliza, tulitoka tukaenda kula mihogo. Lakini nimeona pia onyesho la vijana ambalo umeme ulikatika katikati ya wimbo wa harusi. Bibi harusi hakusimama. Alipiga makofi akaendelea kuimba gizani, sisi tukawasha tochi za simu tukamwitikia mpaka umeme uliporudi. Wimbo ule nauimba hadi leo nikichambua mchele.

Kuna wasomi wanaosema tamthilia za nyimbo ni kuiga Wazungu. Hao hawakulelewa na bibi. Bibi yangu hakuwa na hadithi isiyo na wimbo, na tukizembea kuitikia alinyamaza, akaendelea kupukuchua mahindi yake, hatukujua sungura aliponaje. Kwake msikilizaji alikuwa na kazi. Mimi kazi hiyo sijaacha, ingawa ualimu nimestaafu.

Sasa, mwaka huu binti yangu alipata nafasi kubwa kwenye onyesho la pale Mikocheni. Anaigiza mama ambaye nyumba yake imepigwa alama nyekundu ya X, ibomolewe barabara ipite. Wabomoaji wanamkuta ameketi kwenye fremu ya mlango. Mlango wenyewe ameshaung'oa akaupeleka kwa dada yake. Basi anaimba pale, peke yake, wimbo mrefu, na taa zote zinampiga usoni.

Siku ya kwanza alipoingia ubeti wa pili niliona jasho linamwingia jichoni. Nilikuwa nimeshasimama. "Nenda, shoga, nenda!" shoga yangu akanisukuma, akapiga kigelegele kilichowageuza watu wa mbele wote. Nikapanda ngazi za pembeni, nikamfuta mwanangu paji la uso na mashavu, nikamwekea noti mkononi, nikaanza kurudi kwa madaha kama inavyotakiwa.

Muziki wao ulikuwa unatoka kwenye kompyuta. Bendi ya Temeke ingenisubiri. Ingezunguka pale pale mpaka nishuke, kisha ingemrudisha mwimbaji mahali pake taratibu. Kompyuta haina adabu hiyo. Iliendelea na safari, binti yangu akaachwa, akakosa mstari, akakosa na uliofuata, akabaki kimya na noti yangu mkononi. Dada mmoja mwenye tochi akanifuata. "Shikamoo mama. Samahani, naomba tutoke." Nikamwitikia marahaba, maana adabu ninayo, tukatoka. Nyuma yangu wengine walikuwa wanapiga makofi, na wengine wanawanyamazisha hao wanaopiga.

Onyesho lilipokwisha, dairekta mwenyewe akanijia pale kwenye kiti changu cha adhabu. Kijana mpole, amesomea mambo haya ng'ambo.

"Mama, ulichofanya nakielewa. Hata kwetu wanafanya," akaniambia. "Lakini yule pale juu siyo binti yako. Ni mama asiye na mtu. Ukipanda kumfuta jasho, wale wa nyuma wanaona kumbe mtu anaye. Hadithi inafia hapo hapo."

"Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu."

"Kweli, mama. Basi atunzwe baadaye."

Ilikuwa hoja nzuri. Nimeigeuzageuza sana nikimwagilia mchicha wangu na sijaona pa kuibomoa. Lakini mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na bado akawa amekosea. Yule mke wa kwenye igizo la Temeke aliletewa kiti, na hakuna aliyetoka pale akisema mumewe hakumtesa.

Siku ya Jumamosi binti yangu akaja Chanika. Hakuingia ndani. Alinikuta bustanini, akageuza ndoo akaikalia.

"Mama, kesho usije."

"Nani kasema?"

"Mie ndo nasema. Wanakuja watu wa tamasha, wanachagua nani aende na onyesho Arusha na Nairobi. Dairekta kashaniambia, nikiharibu tena wimbo ule anampa mwenzangu. Mama, mie nimeusotea ule wimbo. We ukinyanyuka tu, nimekwisha."

"Kwa hiyo mkosi ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

Akaanza kuchuma majani ya mchicha ambao haujakomaa. Niliumia, sifichi. Nilitaka kumuuliza sauti ile aliitoa wapi, na ni nani aliyemfuta jasho alipokuwa hafiki hata kwenye kipaza sauti. Lakini niliona kucha zake. Alikuwa amezing'ata zote, kama alivyokuwa anafanya kila ukikaribia mtihani wa taifa.

"Basi njoo," akasema mwenyewe. "Ila ukae. Usinifute, usipige kigelegele, hata mkono usinyanyue. Niahidi, mama."

Nikamwahidi, kwa hasira, lakini nikamwahidi. Ahadi niliyoitoa kwa hasira nayo huwa naitimiza.

Kesho yake nikampa shoga yangu masharti pale pale mlangoni, chini ya tangazo. Alisikitika kama aliyeambiwa afunge Ramadhani mara mbili. "Shoga, mie mdomo wangu siuwezi, wallahi, bora nitie kitu." Akatoa kashata kwenye mkoba. Mimi khanga niliikalia, ili mikono isiipate. Tukaketi hivyo, mtu mzima na kashata mdomoni na mtu mzima juu ya khanga yake, kati ya watu wanaonukia manukato na kufunua vijitabu vya onyesho taratibu visije vikasikika.

Wabomoaji wakaingia. Binti yangu akakaa kwenye fremu, akaanza. Nitasema kama nilivyoona, na atakayesema mama hawezi kumhukumu mwanawe aseme: hajawahi kuimba vile. Sauti ilianza chini, karibu na kuongea, kama mtu anayeeleza alipoweka funguo. Ikapanda bila kukimbia. Kompyuta ilikwenda, naye akaenda nayo sawia. Alipoingia ubeti wa pili akainua macho. Akapita safu ya kwanza, akapita ya pili, akafika kwangu.

Mikono yangu ilikuwa magotini. Shoga yangu alikuwa amenishika kiganja, ananifinya, na kashata ilikuwa imeacha kutafunwa. Jasho lilimshuka mwanangu kutoka kwenye nywele likapita pembeni ya jicho, na ukumbi mzima ulitazama likishuka. Hakuna aliyekohoa. Nilikaa kama nguzo. Nimezika wazazi wangu wote wawili, sikuwahi kukaa vile.

Akamaliza wimbo bila kukosa hata mstari mmoja. Mwisho wa onyesho watu wakapiga makofi, wengine wakasimama, na mimi nikapiga makofi ya kiasi kama wao. Kisha wakaanza kutafuta funguo za magari.

Tulimsubiri nje, kwenye maegesho. Alitoka mbio na rangi zake usoni, vazi la jukwaani bado mwilini.

"Nimechaguliwa, mama. Dairekta kaniambia sasa hivi."

"Mungu ni mwema. Hongera."

"Ahsante."

Nilidhani atarukaruka. Alisimama tu, anachezea kishikizo cha vazi. Shoga yangu akampa hongera yake, binti akaipokea, akaendelea kusimama.

"Mama."

"Naam."

"Ubeti wa pili. Nilikosea wapi?"

Shoga yangu alimeza kashata nzima nzima, nikasikia ikipita.

"Hukukosea popote," nikamwambia.

"Mbona ulikaa tu?"

"We mtoto! Si wewe uliyenikalisha kwenye ndoo jana..." Hata ndoo aliikalia yeye, nilishachanganyikiwa. "Si wewe uliyenidai ahadi?"

"Najua." Akajifuta pua kwa mkono. "Najua, mama. Ila nilikutafuta."

Yule dairekta alikuwa amesimama mlangoni anaagana na wageni wake wa tamasha, tangazo lake liko juu ya kichwa. Nililitazama vizuri. Linasema muda wote wa onyesho. Na onyesho lilikuwa limekwisha, na mimi nilikuwa nje.

Nikaivuta khanga begani, bado ina mikunjo ya kukaliwa. Nikapiga kigelegele ambacho nilikuwa nimekishikilia tangu ubeti wa pili, na shoga yangu akakidaka akakipeleka juu zaidi, huko ambako mimi sifiki. Milango ya magari ikaacha kufungwa. Mlinzi akaanza kuja, akaona sisi ni watu wazima, akasimama njiani. Nikaenda kwa mwanangu kwa madaha, hatua kwa hatua, kama niendaye kwa mwimbaji wa Temeke bendi ikiwa inanisubiri, nikaanza kumfuta. Jasho lilikuwa limeshakauka. Kilichotoka ni poda na rangi nyekundu.

"Mama, watu wanatuangalia," akasema.

Kisha akainamisha kichwa, ili nimfikie vizuri na shingoni.