Kiti cha Mbele ya Honi

Ukiwasha amplifaya yoyote, kabla hujaweka muziki, sogeza sikio karibu na spika. Utasikia shiii, nyembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Watu wengi hawaijali. Mimi nikiisikia, hata kama niko dukani kwa watu, pua yangu inaleta harufu ya risasi ya kulehemu na mbao za zamani, na hapo hapo nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, nimenuna.

Ndiyo, nimenuna. Nakwambia mapema ili usije ukanionea huruma bure.

Baba yangu alikuwa fundi redio hapa Mbeya. Ujanani alifanya kazi kwenye gari la matangazo, kutwa nzima amekaa chini ya spika za honi, akizunguka mjini kutangaza sabuni na mechi za mpira. Watu wengine wangezichukia. Yeye alizipenda. Sebuleni kwetu zilisimama mbili: masanduku ya mbao marefu kuliko mimi, na juu ya kila sanduku mdomo mpana wa bati, kama tarumbeta lililopiga mwayo. Alizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi ambaye familia yake iliwahi kuwa na jumba la sinema. Sinema ilipokufa, jumba likawa ghala la mchele wa Ubaruku, na spika zikalala chini ya magunia miaka na miaka. Kwa hiyo siku ya kwanza kwetu zilitoa kwanza pumba, ndipo zikatoa muziki.

Honi hazitaki nguvu, baba alikuwa anaeleza, hata kwa mtu ambaye hajauliza. Unazipa umeme kiduchu zinaitikia nyumba nzima. Shida ni kwamba zinaitikia kila kitu. Kasoro ya amplifaya ambayo kwenye spika za kawaida ingejificha, honi zinaitangaza mpaka kwa jirani. Wateja walikuwa wanaleta mashine mpya zenye taa za kuchezacheza, wanajivuna kweli kweli, na zikifungwa kwenye honi zetu zinatoa shiii kubwa mpaka mtu anakwenda jikoni kuangalia kinachoungua.

Kuipima hiyo shiii ilikuwa kazi yangu. Kiti cha mbao kiliwekwa hatua nne mbele ya spika, kwenye alama ya chaki sakafuni. Nakaa, nafumba macho. Nikiisikia nanyoosha mkono, ikipotea naushusha. "Haya ndiyo masikio yangu," baba aliwaambia wateja huku amenishika kichwa, na mimi nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Lakini yote hayo yalikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka miwili, sikumbuki hata sura yake. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na baba alikuwa na kanda ya kwaya hiyo. Alisema kwenye ubeti wa pili, kabla waimbaji hawajaingia, mama anavuta pumzi akiwa amewawahi wenzake. Mwalimu wa kwaya alimgombeza kila Jumamosi wala hakubadilika. Nimeusikiliza ubeti huo hata sijui mara ngapi. Shiii ya mashine zetu iliifunika pumzi yote. "Siku tukipata mashine tulivu, Atu," baba aliniambia, "utamsikia." Nikaishi nikiisubiri siku hiyo kama watoto wengine wanavyosubiri Krismasi.

Mashine tulivu ilikuja na mke mpya.

Mama Vumi alikuwa mjane wa Iringa, mpole, mcheshi, sina hata neno baya la kumsema, na hilo lenyewe lilinikera. Alikuja na binti yake Vumilia, aliyenizidi miezi minne. Vumi alishuka kwenye basi amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi. Alikuwa amekipakata kutoka Iringa mpaka Mbeya, alikataa katakata kisiwekwe kwenye buti.

"Kamwene, baba," alimwamkia kwa Kihehe, sauti ndogo.

Kufungua blanketi nyumbani, ni amplifaya ya zamani ya transista. Uso wa chuma, mashavu ya mbao, na vioo viwili vyenye mishale midogo ndani. Nzito kama mawe na nguvu yake kidogo tu. Ilikuwa ya marehemu baba yake Vumi. Baba yangu aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe, kisha akaifunga kwenye honi.

Nikakimbilia kiti.

"Atu, leo mwachie mgeni," baba akasema.

Wewe umewahi kumwagiwa maji ya baridi ya Mbeya asubuhi ya mwezi wa saba? Basi. Vumi alikaa kwenye kiti changu, juu ya alama yangu ya chaki, akafumba macho. Mashine ikawashwa. Mkono haukunyooka. Baba akaongeza sauti, mkono bado uko magotini. Akaweka kanda. Ubeti wa pili ulipokaribia, Vumi akanyoosha mkono taratibu, kama yuko darasani.

"Kuna mama mmoja anavuta pumzi kabla ya wenzake," alisema.

Baba akakaa chini, sakafuni kabisa. "Ndaga fijo," akamshukuru kwa Kinyakyusa, kwa sababu Kiswahili kilimwishia.

Nilipopewa zamu nilikuwa nimeshaanza kulia, pua zimeziba, na kitu pekee nilichosikia kwenye ubeti wa pili ni kamasi zangu mwenyewe.

Amemsikia mama yangu kabla yangu. Wazo hilo nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo shule. Tuligombana kwa kila kitu. Mimi nasema Mbeya ndiyo kuna baridi, yeye anasema, "Hii? Iringa baridi hii tunavulia masweta." Nikamnyima upande wa ukutani kitandani. Nikaficha kiatu chake kimoja. Wala sikukaa tena kwenye kile kiti. Kila baba akiniita nilisema masikio yananiuma. Nilitaka anibembeleze. Akaniletea dawa ya masikio.

Jumamosi moja baba akiwa mjini na wengine wakiwa sokoni, nilisogeza spika ya kulia nikapita nyuma yake. Baba alishanionyesha: ukigeuza waya wa spika moja, mwekundu ukakaa kwenye nafasi ya mweusi, spika mbili zinaanza kubishana na sauti ya katikati inatoweka. Nikageuza. Nikasokota ncha za waya, nikazikunja mara mbili, nikakaza skrubu kama nilivyofundishwa. Mkono wa mtoto wa fundi hauwezi kufanya kazi mbaya hata ukiwa unafanya ubaya.

Jumapili, tumetoka kanisani, chai iko mezani, Vumi akakaa kitini. Kwaya ilitoka nyembamba, imetawanyika huku na huku. Ubeti wa pili ukaja, ukapita. Baba alikuwa anautazama mkono wa Vumi. Mkono haukuinuka.

"Vumi?"

"Hayupo, baba."

Akarudisha kanda. Mara tatu.

"Transista zimezeeka," baba akasema mwishoni, polepole. "Tumeichosha. Tuiache ipumzike."

Mama Vumi alileta kanga akaifunika ile mashine, akaikunja pembeni kwa uangalifu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Vumi alitoka. Nilimchungulia dirishani: amekaa kando ya pipa la maji, analia bila sauti. Nilikuwa nimeshinda. Kiti kilikuwa kitupu, kinanisubiri, na mama yangu hakuwemo tena kwenye kanda. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Sikusema. Hasira zilikuwa zimeisha, imebaki aibu, na aibu inaziba mdomo kuliko hasira.

Jumanne Vumi alikuwa anafagia nyuma ya spika. Fagio likasimama. Akaangalia waya, akaniangalia mimi, akaendelea kufagia. Jioni baba aliporudi, alimwambia, "Baba, nadhani juzi nikifagia nilichomoa waya, nikaurudisha vibaya. Nisamehe."

Baba akainama, akaangalia muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Hee! Mama Vumi, njoo uone," akaita. "Fagio la Iringa linajua kusokota waya na kuukunja mara mbili!"

Mama Vumi akacheka. Vumi akatazama chini. Mimi nilitamani niingie kwenye mdomo wa honi nisitoke.

"Atu," baba akasema, hakupaza sauti, "njoo uugeuze mwenyewe."

Niligeuza, nikakaza skrubu. Kisha akatuambia tukae wote wawili kwenye kiti kimoja, kila mtu na nusu ya tako. Kanga ikatolewa, mishale ikaamka. Ubeti wa pili ukakaribia, na hapo, katikati kabisa ya honi mbili, mwanamke akavuta pumzi. Fupi, ya haraka, kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji ya baridi kabla hajabadili mawazo. Nikanyoosha mkono. Ndipo Vumi akanyoosha wake.

Miaka ilipita ndipo nikajiuliza kwa nini yeye, mwenye masikio yale, alichelewa siku ile. Nilimuuliza tukiwa wakubwa, ameshaolewa Iringa. Akacheka, akasema haikumbuki. Halafu akaniambia kitu ambacho nisingekidhania: kwamba siku zile zote yeye ndiye alinionea wivu, maana mama yangu alikuwa ndani ya kanda, na baba yake yeye hakuimba popote. Kilichobaki kwake ni ile mashine, na mashine nzuri sifa yake ni kunyamaza.

Na baba. Mwaka jana nilimuuliza kama bado anaisikia pumzi ya mama. Alishangaa. "Mimi? Kwa masikio haya ya gari la matangazo? Sijawahi kuisikia tangu afariki. Mimi huwa naangalia mikono yenu."

Sasa nina ndoto, usinicheke: chumba kimoja mjini, viti vichache, zile honi na ile mashine, watu waje kusikiliza tu. Elimu yangu iliishia kidato cha pili, lakini waya najua kukunja.

Juzi Vumi alikuja kutusalimia. Tukamweka baba kwenye kochi lake, tukakaa kwenye kile kiti, sasa nusu tako haitoshi. Kanda imechakaa. Ubeti wa pili ulikaribia, nikatega sikio kwa nguvu zangu zote. Hapakuwa na kitu. Mchakacho wa kanda tu. Nilimtazama Vumi, nikajua na yeye hajasikia.

Akanyoosha mkono. Aliniwahi, na kwa muda mfupi nikaumia kama zamani. Kisha nikanyoosha wangu.

Baba akatabasamu. "Bado anawawahi wenzake," akasema.