Mbwa Aliyelala Chini ya Dungu

Mimi ni mzaliwa wa Utete, na tangu utotoni nilifundishwa kuogopa mate ya mbwa kabla ya meno yake. Kwa hiyo nilipoajiriwa kutembea nyuma ya mbwa anayenusa vinyesi vya simbamangu, nilimficha mama yangu kwa miezi kadhaa kwamba shahada yangu imenifikisha huko. Simbamangu, paka wa mwituni mwenye vishungi vyeusi masikioni, ni adimu. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona. Kinyesi chake ndicho kinachotuambia kwamba yupo, na amekula nini.

Asubuhi moja mimi na mwenzangu anayemwongoza mbwa tulifika shambani kwa mama mmoja mjane, bondeni. Kuku wake walikuwa wakipotea. Nyama ya kumtegea mwizi alikwishaitia sumu, na alituambia wazi kwamba ataitega jioni ile. Nilimwomba asiitege kabla mbwa wetu hajatutafutia kinyesi cha huyo mwizi, tujue ni nani na anakula nini.

Jua lilipokuwa kali mbwa alihema sana. Bila kufikiri, nikachota maji kwa bakuli lililokuwa kando ya mtungi, nikamnywesha.

“Wee mwanangu!” mama akamaka. “Umesoma mpaka umesahau najisi?”

“Nisamehe, mama. Nitaliosha.”

“Mara saba, uanze na udongo. Na nahesabu!”

Akahesabu kweli. Nilikuwa nimemaliza mara ya sita wakati mbwa, ambaye mwenzangu alikuwa amemwachia, alipokwenda kulala chini ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, akatulia akitutazama. Hivyo ndivyo anavyosema amepata.

Nilikivunja kinyesi kwa kijiti mbele ya mama. Kilijaa manyoya ya panya na vijino vyao. Palikuwa pia na unyoya mmoja wa kuku. Nakiri kwamba nilitamani kuufukia mchangani. Badala yake nikamwonyesha.

Aliinama, akautazama ule unyoya.

“Huyu kuku ni wangu. Na panya hawa?”

“Ni wa humu humu shambani, mama.”

“Wanaonimalizia mpunga.” Akajinyoosha, mkono kiunoni. “Basi kuku nitawafungia bandani. Yeye abaki na panya wake.”

Akatuagiza tuchimbe shimo refu, akaifukia ile nyama kwa mikono yake na kuukanyagakanyaga udongo. Kisha akaniletea kifuu cha nazi.

“Hiki cha mbwa wako,” akasema. “Na bakuli langu bado. Umebakiza moja.”