Nilibadilisha Kitabu cha Apondi, Sasa Niko Peke Yangu

Nilikosa. Nasema mapema ndiyo usije ukanihurumia bure. Hakuna aliyenituma, na wakati nafanya nilijiona mwerevu kweli.

Mimi ni mtu wa nyumba. Nakaa Kianda, nafuma vitambaa vya makochi, na nikionekana nje ya geti majirani huuliza ni nani amekufa. Wananiita keyateka, kama yule mlinzi wa ploti asiyetoka getini. Sina mume, sina mtoto.

Halafu nikapata Apondi, msichana wa jirani, miaka minne. Mama yake hufulia watu nguo, kwa hivyo kila asubuhi alikuwa ananiachia mtoto pamoja na kitabu kimoja alichomtolea Soko la Toi. Kitabu chenyewe! Kava ilishapotea, na ndani hakuna hata neno moja. Ni picha tu: kuku anatafuta mahali pa kutagia. Mara ndani ya sufuria, mara ndani ya kiatu, mara juu ya paa.

Apondi alikuwa ananikalia mapajani ananisomea. Kila siku hadithi ingine! Leo kuku anatoroka polisi, kesho ameenda harusi bila zawadi. Akifika pale kuku amejikunja ndani ya kikapu, ananigeukia.

"Huyu ni wewe, anti. Hataki kutoka."

"Kwani mimi nataga?"

"Bado unajaribu."

Aki huyo mtoto! Nilikuwa nacheka mpaka sindano inaanguka.

Shida ilianzia kwa kamba ya nguo. Mama mmoja wa ploti alikuwa anaanika, akaniuliza, "Huyo wako amejua kusoma? Wangu anasoma mpaka paketi ya unga."

Wako! Hilo neno liliniingia kichwani likakaa. Kama ni wangu, si basi asome? Na mimi nilimaliza form four, jamani! Nikaangalia kile kitabu cha kuku nikaona aibu. Kitabu gani hakina cha kusoma?

Jioni moja kilipobaki kwangu, nikajibeba nacho mpaka Toi bila kumwambia mtu. Kuna muuzaji wa vitabu vya mitumba, ukimpelekea cha zamani anakubadilishia. Nikachagua vile sisi huchagua: kinene, kava ngumu, kinang'aa, maneno yamejaa kama mchele kwa sahani. Picha zilikuwa chache, mtoto wa kizungu anateleza kwa theluji.

"Hapo umechagua kama mwalimu, madam," muuzaji akaniambia.

Madam! Nilitembea kurudi nyumbani shingo juu. Kuku nilimwacha kwa rundo.

Asubuhi Apondi akafungua kile kinene. Akafunua, akafunua.

"Kuku ako wapi?"

"Amehama. Sasa tunasoma. Sema hili neno."

Akasema. Nikamwambia arudie. Akarudia. Neno la pili. Nikatafuta rula. Sikumchapa, lakini niligonga meza nayo, na nilimwona akiruka. Nikaendelea! Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote. Nilimwona, na nikaendelea.

Haikuchukua muda tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi. Akifika kwangu anakaa mlangoni, amenipa mgongo. Mama yake akanijia jioni moja, hata hakuketi.

"Dada, mtoto analia akisikia tunakuja kwako. Umemfanya nini?"

"Namfundisha kusoma."

"Nani alikuambia umfundishe? Mimi nilikuomba ukae na yeye."

Nikaanza kukunja kitambaa nilichokuwa nafuma.

"Na kitabu chake kiko wapi?"

Wueh! Kesho yake nilikimbia Toi kama mwizi. Muuzaji akacheka. "Kile cha kuku? Kilienda siku ile ile, madam. Watoto walikuwa wanakigombania."

Apondi akapelekwa kwa nyanya yake Kabiro, huko Kawangware.

Nilirudi kwa lile rundo nikakaa chini kabisa, nikafungua kimoja baada ya kingine. Nikapata cha mbwa amenyeshewa, anabisha hodi kwa nyumba za watu. Picha kubwa, na uso wa mbwa unaweza kuuongelea siku nzima. Nikakipeleka mpaka Kabiro. Mimi, keyateka!

Apondi alisimama nyuma ya nyanya yake akakiangalia kwa mbali.

"Hicho ni cha kusoma?"

"Hapana, mpenzi. Ni cha kuangalia tu."

"Basi angalia wewe, anti."

Akakimbia kucheza na wenzake. Nyanya akaniletea chai. Niliinywa haraka haraka kama mtu anayengojewa mahali.

Sasa wewe mwenye kusoma hapa, nisikize. Ukienda kununulia mtoto mdogo kitabu, usipime unene, na usidanganywe na kung'aa. Fungua katikati, mwekee mbele, halafu funga mdomo wako. Akianza kuongea, akidanganya, hata akikutukana kidogo, beba hicho! Na kama ako na kimoja anachokipenda, hata kiwe kimechakaa namna gani, tafadhali usikiguse. Na usisikize watu wa kamba ya nguo!

Mimi bado naacha mlango wazi kila asubuhi. Wanaoingia ni nzi.