Kibao cha viko vya mama mukwe

Mama mukwe alifika Bunia kutoka Mahagi na mufuko moja, fimbo moja na viko vitatu vya tumbaku: chake, cha marehemu bwana yake, na cha mama yake. Eti amekuja kutusalimia tu. Wiki ikaisha, mufuko bado umefungwa nyuma ya mulango, viko ndani, fimbo imeegemea juu. Bibi yangu, mutoto wake wa pekee, hakuwa na amani. "Kule hana mutu tena," aliniambia. "Akirudia, roho yangu itakufa."

Mimi na akili zangu nikasema: viko vikitoka mufukoni, mwenyewe hatatoka nyumbani. Nilikuwa na kipande cha libuyu, mbao ya Mambasa iliyobaki tulipotengeneza kitanda. Nitamutengenezea kibao: vichwa vya viko vikae chini, mirija isimame ndani ya matundu juu.

Lakini kwetu mukwe hagusi kitu cha mama mukwe, hata uso hamuangalii. Akipita uani, mimi mbio nyuma ya jiko. Nikipita mimi, yeye anajifunika kitenge. Tunasemezana kupitia bibi yangu, hata tukiwa hatua tatu. Basi nikamutuma yeye apime.

"Vyote vinalingana: mukono, toka kiwiko mpaka kidole, na shubiri moja juu," akasema.

Nikapima. Kwa mukono wangu, si wake! Na bibi yangu, Mungu amubariki, mukono wake haufiki hata kwenye rafu ya pili ya kabati. Nikatoboa na matundu manne, maana matatu yalinichukiza macho. Nikapaka mafuta, nikajisifu peke yangu.

Kibao kikaingizwa ndani. Nyuma ya jiko nikasikia paa, paa, paa: viko vimeanguka vyote. Halafu sauti ya mama mukwe, anacheka mpaka anakohoa: "Umuulize bwana yako, hii ni ya viko ao ni ya mipini ya jembe?"

Yesu! Haya ilinishika mpaka masikioni, halafu hasira. Nikabeba musumeno. "Niletee hicho kitu, nikikate!"

Bibi yangu akaingia kukichukua. Akakawia. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu, machozi yanamutoka na meno yote inje kwa kucheka.

"Nini tena?"

"Mama anakataza. Eti usikate hata kidole kimoja. Fimbo yake ameisimamisha kwenye tundu la nne, imeenea sawasawa."

"Na viko?"

"Amevilaza chini, kwenye kibao. Anasema vimezeeka, vilale. Fimbo ndiyo ilikuwa imechoka kusimama kwenye mulango."

Nikaweka musumeno chini. Nililia, sifichi, nikasingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.