Jino la Bei ya Mbuzi

Nakumbuka siku moja ya mnada pale Nyamuswa, mwanangu, siku niliyoingia zizini mwa baba yangu nikamtoa mtamba wa mahari kwa mkono wangu mwenyewe, wanaume wote wamesimama wananitazama. Kwetu mwanamke anakamua, anazoa samadi, anafukuza ndama wasinyonye. Lakini kumtoa ng'ombe wa mahari zizini? Hilo ni la mwenye boma. Mimi nilifanya, na sijatubu mpaka leo.

Nakuandikia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Umeniambia lile jino lililovunjika ulipoanguka na bodaboda unataka kulipandikiza. Wanatoboa mfupa wa taya, wanaingiza skrubu, juu yake wanaweka jino. Kuna mahali wanataka hela nyingi na wanakuzungusha miezi, na kuna mwingine anasema wiki hii hii umemaliza, tena kwa nusu ya bei. Ukaniuliza, "Bibi, wewe unaonaje?" Mwanangu, mimi darasa niliishia la pili, kuandika kulinikolea ukubwani kwenye elimu ya watu wazima. Skrubu za mdomoni sizijui. Lakini mtu aliyechomekewa jino la bei nafuu nimemshika kichwa mapajani mwangu, na nimemsikia akiweweseka. Kwa hiyo kaa chini usome.

Ilikuwa miaka ile tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi, pamba tunalima shamba moja wote. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Nyasura, lakini nilikuja nyumbani kusaidia, maana mdogo wangu Wambura alikuwa anataka kuoa. Na kwetu, ng'ombe waliokuja kwa ajili ya dada ndio kaka anaoa nao. Kwa hiyo yule mtamba mwekundu aliyekuwa zizini kwa baba alikuwa ni mimi, umenielewa? Alikuja kwa jina langu, akamngoja mke wa Wambura. Ndiyo maana dada kwetu ana sauti kwa kaka yake, hata akinyamaza.

Baba yangu alikuwa fundi wa kutazama ng'ombe. Watu walikuwa wanamwitaga kutoka mbali, mahari ikiletwa, aje aseme huyu mzima na huyu mnadanganywa. Anamshika ng'ombe mdomo, anaupanua, anatazama meno, anajua umri. Anabonyeza kiwele. Anasema, "Mtembezeni," ng'ombe anatembezwa, yeye anachuchumaa anatazama kwato. Hakuna mtu aliyewahi kumuuzia baba yangu ng'ombe mgonjwa.

Basi siku moja kwenye shamba la kijiji Wambura anaendesha plau, maksai akageuza shingo kwa nguvu, nira ikampiga mdomoni. Jino la mbele la juu likatoka na mzizi wake. Damu, kelele, lakini alipona haraka. Kilichomwuma ni vijana wenzake. Akicheka tu, wanamwambia, "We Wambura, funga mlango, kuku wanaingia!" Akiimba kwenye palizi wanauliza nani anapiga filimbi. Na siku ya kwenda ukweni Butiama ilikuwa imeshakaribia. Akaanza kuongea ameziba mdomo na kiganja, kama mwali.

Alienda hospitali Musoma. Matibabu yalikuwa bure miaka ile, wakamsafisha vizuri. Kuhusu jino jipya wakamwambia: kwanza kidonda kipone, fizi itulie, baada ya mavuno uende Mwanza ukapimwe mdomo, utengenezewe jino la kuvaa na kuvua. Hilo la bandia lazima uchangie, na kuna nauli, na kuna mahali pa kulala. Baba alipopiga hesabu akaona mtamba anaondoka.

"Nimuuze ng'ombe ili mtu apate kucheka?" akasema.

Kumbe mnadani kulikuwa na mtu anakuja na sanduku la bati. Watu walimwita Daktari, na yeye alikuwa anaitika. Anang'oa meno, anauza dawa ya minyoo, na anachonga meno kwa pembe ya kiboko, meupe hasa. Akamtazama Wambura dakika moja, akasema, "Kijana, unaondoka hapa leo na jino. Mbuzi mmoja." Baba akacheka kwa furaha. Mbuzi mmoja! Na leo leo!

Nilikuwepo, mwanangu. Mama alikuwepo. Tulimwona yule mtu anamng'oa bibi mmoja gego, anafuta koleo kwenye koti lake, halafu koleo lile lile linaingia mdomoni mwa Wambura. Jino lile alilichonga na mkia mrefu kama wa msumari. Fizi ilikuwa imeanza kufunga, yeye akaipasua upya, akachomeka ule mkia ndani, akaligonga na kipande cha mti, kisha akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani. Wambura alikuwa anatoa machozi, hana sauti. Mama akanifinya mkono mpaka nikaumia, lakini hakusema. Mbele za wanaume hakuwaga na maneno.

Sitasema uongo, jino lilipendeza. Lilikuwa jeupe kuliko yote mdomoni. Vijana walikuja kulitazama, baba akawa anawaambia, "Mbuzi mmoja tu! Wale wa Musoma walitaka kunila ng'ombe." Wambura akacheka mdomo wazi kwa mara ya kwanza tangu aumie. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini nani anakumbuka methali wakati anasifiwa?

Siku zilizofuata akaacha nyama. Kisha akaacha ugali, akawa anakunywa uji upande mmoja wa mdomo. Akisema "ni kuzoea tu, dada," nasikia harufu. Mdomo wa juu ukavimba, ukapanda puani, ukashika shavu. Asubuhi ya mnada uliofuata nilimkuta amekaa mlangoni, jicho la kulia limefumba kabisa, ngozi inang'aa kama kibuyu. Anatetemeka kwenye jua. Nikamwita, akaniita jina la bibi yetu ambaye alikuwa ameshakufa.

Yule Daktari wa sanduku hakuonekana mnadani siku hiyo. Waliomtafuta walisema amekwenda kwenye gulio lingine. Basi la Musoma lilikuwa limeshapita. Gari pekee lililokuwepo ni lori la mfanyabiashara wa ng'ombe, limeshajaa, linaondoka kwenda Musoma. Nilimkimbilia.

"Mama, hili si gari la wagonjwa," akaniambia. "Ng'ombe hawa nimeshawalipia. Nikishusha ili nimlaze huyu, nani ananifidia?"

"Unataka nini?"

Akatazama boma letu, maana kutoka mnadani unaliona. Mfanyabiashara wa ng'ombe ana macho. "Yule mwekundu," akasema. "Nipe huyo, nashusha wawili nawaacha hapa na mtu wangu, na mgonjwa wenu anapata nafasi."

Baba akasema hapana. Akasema tungoje basi la kesho. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, usimfikirie hivyo. Alikuwa amemlea yule mtamba kama mtoto, na alimwona mke wa Wambura akiondoka na kamba. Lakini mimi nilimtazama mdogo wangu, akili inakwenda na kurudi, nikajua kesho hatakuwepo. Nikaondoa miti ya mlango wa zizi, nikaingia.

"Bhoke!" baba akapiga kelele. "Unafanya nini? Huyo ni wa mke wa ndugu yako!"

Nikamjibu nimeshashika kamba. "Baba, na mke wa marehemu anaitwa nani?"

Watu walishika midomo. Binti kumjibu baba yake vile, tena mlangoni mwa zizi! Nilimpitisha mtamba mbele yake. Hakunizuia. Mkono aliunyanyua, halafu akaushusha, akatufuata kwenye lori.

Tulimlaza Wambura kwenye majani, katikati ya kwato, kichwa mapajani mwangu. Lori likiruka shimo, anapiga ukelele. Mama alikuwa anamdondoshea maji mdomoni kwa ncha ya khanga. Tulipopita Butiama, kijijini kwa wakwe wenyewe, baba alijifunika shuka usoni wasimjue. Wambura akawa anauliza, "Ng'ombe wamefika? Wamepokelewa?" Anadhani tunampelekea mahari. Nikamwambia wamefika, mdogo wangu, wamepokelewa wote. Nilikuwa nahisi joto lake kupitia nguo kama nimebeba jiwe la mafiga.

Pale hospitali walimchukua mbio. Daktari alipopasua, usaha ulitoka mpaka muuguzi akageuza uso. Akakata waya, akang'oa lile jino la pembe, na meno mawili ya jirani yalitoka nalo yenyewe, yamelegea, yameoza kwenye mizizi. Meno mazima yale, mwanangu, hayakuwa na kosa lolote. Kosa lao ni kufungwa na mgeni mbaya.

Akatuambia, "Usaha huu ulikuwa unapanda kichwani. Sindano tumeanza, lakini siwaahidi kitu. Tuone kama homa itashuka." Halafu akauliza, "Aliyemwekea hiki, vyombo vyake alivichemsha?"

Baba akatoka nje, tukamfuata.

Tukakaa barazani. Ndipo mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akamgeukia baba. Hata siku ile hakupandisha. Akasema pole pole, "Baba Bhoke. Ng'ombe wa mahari unampanua mdomo. Unamshika kiwele. Unamtembeza. Na ng'ombe ni wa kukaa zizini tu. Huyu mtu ulimruhusu aingie kwenye mfupa wa mwanao. Ulimtazama wapi?"

Baba akainama. Akasema, "Nilitazama mbuzi."

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa, mwanangu. Alitazama mbuzi. Bei ilimjaa machoni, mkono wa yule mtu hakuuona.

Homa haikushuka siku ile, wala iliyofuata. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake kama mtu anavyosikiliza mvua ya mawe wakati pamba imefunguka. Kisha asubuhi moja akafungua lile jicho, akanitazama vizuri, akasema, "Dada, mbona unanuka ng'ombe?" Nilicheka, nikalia, nikatoka nje nisimtie aibu.

Siku hizo hizo akaja baba wa mchumba wa Wambura kutoka Butiama. Habari zilikuwa zimemfikia. Tukadhani amekuja kuvunja posa. Alisimama karibu na kitanda, akamtazama Wambura na mapengo yake matatu, akamwambia baba, "Ndugu yangu, nimesikia mlikuwa mnamtengeneza kwa ajili yetu. Sisi tuliomba kijana anayejua kulima. Jino hatukuliomba." Akacheka, na mdomoni mwake mwenyewe meno yalikuwa machache kama miti ya porini iliyobaki baada ya moto. Mtamba alikuwa amekwenda, lakini mzee huyo akatungoja tulipe mpaka mavuno ya pamba, na binti yake hakumpa mtu mwingine. Baadaye, fizi zilipopona kweli, Wambura akaenda Mwanza akatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua. Aliyatafunia nyama mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa nisikilize. Usiseme bibi anakutuma kwenye bei kubwa. Hapana. Nilimjua mtu wa Bunda aliyetoa ng'ombe wake mjini ili avikwe jino la dhahabu, na dhahabu ile ilifunika jino bovu, likaozea ndani huku yeye anachekea watu arusini. Bei kubwa nayo inajua kudanganya. Bei haina mkono, haishiki koleo. Anayeshika koleo ni mtu, na huyo ndiye wa kumpima.

Nenda kwa wote wawili. Kaa, usiwe na haraka, kuuliza si ujinga. Umesomea wapi kupandikiza, na kibali chako kiko wapi nikione? Vyombo vyako unavichemshaje? Utapiga picha ya mfupa wangu kwanza, au unatoboa kwa kukisia? Tazama kama na yeye anakuuliza wewe: kama una kisukari, kama unavuta sigara, dawa gani unameza. Asiyekuuliza kitu anakuona wewe ni mbuzi wake. Mwombe akutajie bei yote mpaka jino la juu na kurudi kutazamwa, maana kuna wanaotaja skrubu tu halafu wanakukamua nusu ya safari. Muulize likikataa itakuwaje, na nani atabeba gharama. Na usionyeshwe mtu aliyewekewa wiki iliyopita. Hata Wambura wiki ya kwanza alikuwa anapendeza. Taka kuonyeshwa aliyekaa nalo miaka.

Mwenye bei ndogo akijibu yote vizuri, mshukuru Mungu, nenda kwake, hela inayobaki ununue mbegu. Akianza kukasirika au kukucheka, chukua mkoba wako utoke. Na kama mzuri ni wa bei kubwa na huna, basi vaa la kuvaa na kuvua, au kaa na pengo lako, uweke akiba. Wakikutania, waonyeshe pengo lote. Pengo halijaua mtu yeyote ninayemjua. Na akikwambia mfupa unahitaji miezi kupona kabla ya kuweka jino la juu, usimwone anakuzungusha. Huyo ndiye anayekungoja.

Mwanangu, Mungu akuongoze kwenye mkono safi. Akupe ulimi wa kuuliza na miguu ya kuondoka. Kidonda chako kikauke bila usaha, mfupa wako ulipokee jino kama ardhi ya mvua inavyopokea mbegu, na uzeeke ukitafuna mahindi ya kuchoma mbele ya wajukuu wako, wakisikia yanavyolia.